Akiba ya Umeme Mjini: Mwongozo Kamili wa Kutunga Sera ya Kaunti

Nyuma ya kituo kimoja cha afya huku Pwani kuna chumba kidogo cha stoo. Nilipofunguliwa mlango nilikuta betri nane za risasi, aina ile ya magari, zimepangwa sakafuni. Nne zilikuwa zimevimba ubavu, na vichwa vyake vimeota unga wa kijani kama kutu ya sufuria ya shaba. Juu yake paliwekwa ndoo ya kupigia deki. Inverta ukutani, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika kwenye soketi, bado ilikuwa hai, inalia "pii" kila baada ya sekunde chache, na paneli juu ya paa zilikuwa nzima kabisa. Mradi ulikuwa na miaka minne tu. Muuguzi wa zamu aliniambia kwamba stima ikipotea usiku, akina mama wanajifungua kwa taa ya simu, na anayeishika simu ni shangazi au dada aliyemsindikiza.

Jua halikukosekana pale. Kilichokosekana ni mstari mmoja katika bajeti, unaosema betri zitabadilishwa lini na kwa pesa za nani. Nimeona hali hiyo mara nyingi mno, na ndiyo sababu ya mwongozo huu. Nimewaandikia wawakilishi wadi, maafisa wa nishati, wahandisi wa manispaa, na mwananchi anayekwenda kutoa maoni kwenye kikao cha umma huku amepewa rasimu ya kurasa themanini dakika kumi kabla. Mifano mingi ni ya Kenya kwa kuwa sheria zake ndizo ninazozishughulikia. Aliye Tanga, Unguja au Bujumbura atabadilisha majina ya ofisi, lakini kazi ni ile ile.

Kabla ya yote: kilowati na uniti

Vikao vingi hupotea hapa, kwa hiyo tuliweke sawa. Fikiria mtungi wa maji. Kilowati ni upana wa mdomo wa mtungi, yaani maji yanatoka kwa kasi gani. Uniti ni maji yaliyomo. Uniti ni ile ile unayonunua kwa tokeni: kilowati moja ikifanya kazi saa moja. Mtu akikwambia amenunua "betri ya kilowati 10" hajakwambia kitu mpaka aseme ina uniti ngapi.

Betri ya Hornsdale, Australia Kusini, ilipozinduliwa mwaka 2017 ilikuwa na megawati 100 na megawati-saa 129 (megawati ni kilowati elfu moja, na megawati-saa ni uniti elfu moja). Ikifunguliwa mdomo wote inakauka kwa saa moja na robo hivi. Mtu anaweza kusema ni ndogo. Lakini haikujengwa ili iwashe jimbo usiku kucha. Ilijengwa baada ya jimbo zima kuingia gizani tarehe 28 Septemba 2016, na kazi yake kubwa ni kuushika mfumo usiyumbe pale mtambo mmoja unapoanguka ghafla. Kwa hiyo swali la kwanza la sera ni hili: tunataka akiba ya kufanya nini? Ya sekunde chache ili gridi isianguke, ya saa tatu za jioni wakati kila jiko na kila televisheni imewashwa, au ya usiku mzima katika wodi? Kila moja ni betri tofauti, na bei tofauti.

Kenya ina jambo lake la pekee. Sehemu kubwa ya umeme wetu tayari ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Usiku wa manane watu wakilala, mahitaji hushuka, na mvuke wa Olkaria huachwa utoke hewani bila kuzungusha chochote. Upepo wa Turkana nao, kwenye mitambo ya megawati 310, hupunguzwa wakati unavuma vizuri. Jioni inayofuata tunahangaika tena. Akiba kwetu inahusu jua la mchana, na inahusu pia usiku unaomwagika bure.

Hatua ya 1: Jua mkono wako unafika wapi

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti usambazaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa nishati katika ngazi yake. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati na kuuwasilisha kwa waziri. Hata hivyo nguzo na nyaya ni za kampuni ya umeme, Kenya Power, na leseni na bei ziko kwa EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Rasimu inayoanza na "kaunti itajenga gridi yake" itaishia kwenye mvutano wa mamlaka.

Tazama badala yake vile ambavyo hakuna anayekubishia: vituo vya afya, maji, masoko, taa za barabarani, kibali cha ujenzi, zimamoto, na taka. Vyote hivyo vina mkono wa kaunti. Chukua karatasi moja, ichore mstari katikati. Kushoto andika "tunaamua wenyewe", kulia "tunaomba". Sera nzuri ina robo tatu ya vifungu vyake upande wa kushoto. Ushuru wa forodha wa betri, kwa mfano, ni wa kulia. Piga kelele kuuhusu, lakini usiutegemee.

Hatua ya 2: Hesabu usiku mmoja

Usianze na "asilimia ya nishati safi ifikapo mwaka fulani". Anza na kituo kimoja na usiku mmoja. Nenda na daftari, soma kibandiko cha nyuma ya kila mashine, uliza inafanya kazi saa ngapi. Huu hapa mfano wa kituo cha afya chenye chumba cha kujifungulia, kwa saa 12 za usiku.

Taa 12 za wati 10 ni uniti 1.4. Mashine mbili za kutengeneza oksijeni, wati 350 kila moja, ni uniti 8.4. Friji ya chanjo, ikila wastani wa wati 100, ni uniti 1.2. Mashine ya kunyonya ute, ikitumika saa mbili, ni 0.2. Jumla ni uniti 11.2. Ona jinsi oksijeni ilivyomeza karibu kila kitu. Ukihesabu taa na friji peke yake, kama wafanyavyo wengi, utanunua betri itakayomwangusha mtoto mchanga saa nane za usiku.

Sasa betri ya lithiamu haifai kukaushwa kabisa, tumia asilimia 80 yake. Inverta nayo inapoteza karibu asilimia 10. Gawa 11.2 kwa 0.8, kisha kwa 0.9: unapata 15.6. Betri inazeeka, na unataka ifanye kazi hata ikibaki na asilimia 80 ya nguvu yake. Gawa tena kwa 0.8. Unafika uniti 19.5, yaani betri ya uniti 20. Paneli za kuijaza peke yake, kwa jua la Pwani na hasara za njiani, ni kilowati 4 hadi 5, mbali na matumizi ya mchana. Mashine ya kuchemshia vifaa isiingizwe kwenye betri hii kamwe. Ipangiwe saa sita mchana, jua likiwa utosini.

Fanya hesabu hiyo kwa kila kituo, kila pampu, kila soko. Ni kazi ya miezi mitatu kwa vijana wawili wenye pikipiki. Zipange kwa swali moja: stima ikipotea usiku, nani anaumia kwanza? Waliotangulia kwenye orodha ndio wa awamu ya kwanza, hata kama ni kijiji ambacho hakuna kigogo aliyezaliwa.

Hatua ya 3: Tangi na barafu

Hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapookolewa na hakuna anayepigia picha.

Maji yaliyopandishwa mnarani mchana ni umeme uliowekwa akiba. Tangi la mita za ujazo 500 lililo mita 30 juu linahitaji, kwa hesabu tupu, uniti 41 kulijaza. Kwa pampu ya kawaida, yenye ufanisi wa asilimia 60, ni karibu uniti 68. Ukilijaza kwa jua kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, umejiondolea uniti 68 za kupampu jioni. Hizo ni zaidi ya betri tatu za kituo cha afya tulizohesabu, na tangi la zege halihitaji kubadilishwa baada ya miaka kumi. Kwa hiyo andika katika sera: hakuna betri itakayonunuliwa kwa ajili ya kisima chochote kabla mhandisi wa maji hajathibitisha kwamba tangi kubwa zaidi haliwezi kufanya kazi hiyo.

Waulize wazee wa Unguja. Kisiwa kilikaa bila umeme wa gridi kwa karibu mwezi mzima kuanzia Mei 21, 2008, kisha tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kwa sababu waya wa kutoka bara uliharibika. Giza lenyewe watu walilizoea. Kilichowachosha ni maji, maana pampu zilisimama, na watu wakarudi kwenye visima vya kamba na foleni za ndoo.

Barafu ni vivyo hivyo. Tani moja hula uniti 50 hadi 90 kutegemea mashine. Mashine ya barafu kwenye soko la samaki ikifanya kazi mchana kutwa kwa paneli, mvuvi anayerudi alfajiri anakuta jua la jana limegandishwa kwenye kasha. Kaunti ndiyo mwenye soko. Haihitaji ruhusa ya yeyote.

Hatua ya 4: Kibali kupitia dawati moja

Watu wenye uwezo wanaweka betri majumbani mwao hata bila sera. Wakiona kibali ni miezi sita na safari nne za ofisini, wataweka kimyakimya, na kaunti itabaki kipofu. Jiji la Cape Town lilichagua njia nyingine: mfumo wa paneli au betri uliounganishwa na nyaya za jiji lazima uandikishwe, na jiji linatoa orodha ya inverta zilizokubaliwa. Fundi anajua mapema nini kitapita.

Kwa mji wetu ningependekeza hivi. Nyumba yenye betri isiyozidi uniti 20 ijaze fomu ya ukurasa mmoja, bila ada, na ijibiwe ndani ya siku kumi za kazi. Ofisi isipojibu, kibali kihesabiwe kimetolewa. Fomu iulize mambo haya tu: aina ya betri na uniti zake, mahali ilipo ndani ya jengo, namba ya leseni ya fundi kutoka EPRA, mchoro wa swichi ya kukatia, na uthibitisho kwamba inverta hujikata yenyewe gridi inapozimika. Hilo la mwisho ni uhai wa mtu. Fundi wa laini akipanda nguzo akijua stima imekatwa, na inverta ya nyumba moja inaurudisha umeme barabarani, atakufa pale juu.

Betri ikiwa kubwa zaidi ya hapo, ramani ipitie ofisi ya mipango chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, na zimamoto waweke sahihi yao kabla ya kibali kutoka.

Hatua ya 5: Zimamoto waingie mapema

Nikiulizwa ni sura gani ya sera isipunguzwe hata neno, ni hii. Betri ya lithiamu ikishika moto haizimiki kama kochi au gari. Seli moja ikipata joto kupita kiasi inaipasha ya jirani, nayo inaipasha ya tatu, na moshi wake ni gesi yenye sumu inayoweza kulipuka. Ukidhani umezima, inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, hata siku.

Tarehe 19 Aprili 2019, mjini Surprise, Arizona, betri za shirika la umeme zilizokuwa ndani ya nyumba yake ya chuma zilianza kufuka. Wazimamoto walifika, wakasubiri, wakapima, kisha wakafungua mlango. Gesi iliyojikusanya ndani ililipuka na kuwarusha, na kadhaa wakaumia vibaya. Walikuwa na mavazi kamili na mafunzo kuliko kikosi chochote chetu. Walichokosa ni habari: nini kimo ndani, gesi imefika wapi, nani wa kupigiwa simu.

Januari 16, 2025, huko Moss Landing, California, moto ulizuka katika mojawapo ya hifadhi kubwa za betri duniani. Zaidi ya watu elfu moja walihamishwa na barabara kuu ikafungwa. Betri zilikuwa zimerundikwa ndani ya ukumbi wa mtambo wa zamani wa umeme, na zilikuwa za aina ya nikeli, manganisi na kobalti, ambayo huwaka kwa urahisi kuliko ile ya chuma na fosfati. Ukumbi mmoja, moto mmoja, hasara kubwa. Makontena yaliyoachana uwanjani yangepunguza uharibifu kwa kiasi kikubwa.

Kutokana na hayo, sera iseme wazi. Hifadhi kubwa ikae nje, kwenye makontena yaliyotengana, wala isiwekwe ndani ya jengo lililobaki wazi eti kwa sababu lipo. Kanuni ya Marekani ya NFPA 855 inaanzia kwenye mafungu yasiyozidi uniti 50 yenye nafasi ya karibu mita moja kati yake, isipokuwa majaribio ya moto yamethibitisha vinginevyo. Si lazima tuinakili yote, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Muuzaji adaiwe cheti cha IEC 62619 cha usalama wa betri, na kwa hifadhi kubwa, ripoti ya jaribio la moto la UL 9540A. Kontena liwe na kipima gesi na tundu la kupumulia, na nje yake kuwe na ubao wenye namba ya simu inayopokelewa usiku.

Nyumbani ni mambo matatu. Betri isikae chini ya ngazi wala kwenye ukumbi ambao ni njia pekee ya kutokea. Isikae chumba cha kulala. Na isikae juani wala penye hewa ya chumvi moja kwa moja. Betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25, na stoo ya bati huku kwetu mwezi wa Februari inafika mbali. Kwa Mji wa Kale wa Mombasa, ambako gari la zimamoto haliingii vichochoroni, ningeweka kikomo cha chini zaidi kwa kila nyumba, na aina ya chuma na fosfati tu.

Kisha bodaboda za umeme. New York mwaka 2023 ilirekodi mioto 268 ya betri za lithiamu na vifo 18, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme zilizochajiwa majumbani na dukani. Jiji lilipitisha sheria namba 39 ya mwaka huo, ikipiga marufuku kuuza au kukodisha zisizo na cheti cha usalama. Kigali imeacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria tangu 2025, na Nairobi vituo vya kubadilishia betri vinaongezeka kila mwezi. Kituo chenye betri thelathini zinazochajiwa kwa pamoja ni hifadhi ya umeme kamili, hata kama kinaonekana kama kibanda cha M-Pesa. Kiandikishwe, kikaguliwe, na kisiwe chini ya vyumba vya kupangisha.

Na wape wazimamoto ramani. Kila fomu ya Hatua ya 4 iingie kwenye ramani inayofunguka kwenye simu ya kamanda wa zamu. Gharama yake ni ndogo kuliko helmeti moja.

Hatua ya 6: Kaburi la betri

Mombasa haina haja ya kuhubiriwa kuhusu betri mbovu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi katikati ya nyumba za watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Risasi iliingia udongoni, majini, kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale, alipima damu ya mtoto wake mwenyewe akakuta sumu, na hakunyamaza tena. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya vuta nikuvute ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirudisha fidia hiyo Desemba 2024. Serikali na taasisi zake zilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Kaunti inayosambaza betri leo bila kujua zitazikwa wapi inajiandikia kesi ya kesho.

Kwa hiyo kila mkataba uwe na kifungu cha kurudisha: muuzaji wa betri mpya anazichukua zilizokufa, anatoa hati ya zilikokwenda, na malipo ya mwisho hayatoki bila hati hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Taka ya 2022 tayari inambebesha mtengenezaji na mwagizaji jukumu la taka ya bidhaa yake, hivyo kaunti haizui jambo geni. Tenga eneo moja la kukusanyia, lenye sakafu ya zege na paa, mbali na kisima. Mafundi wa jua kali wanaopasua betri za risasi kwa panga na kumwaga asidi mtaroni wasifukuzwe tu. Walipwe kwa kila betri nzima watakayoileta. Mtu anayelisha watoto wake kwa chuma chakavu ataacha kuipasua betri siku itakapomlipa zaidi ikiwa haijapasuliwa.

Betri ya lithiamu iliyochoka kwenye pikipiki bado yaweza kuwasha taa za soko kwa miaka kadhaa. Ni jambo jema, ila ipimwe na mwenye vifaa, na isiwekwe hospitalini.

Hatua ya 7: Zabuni na pesa za miaka ijayo

Rudi kwenye ile stoo ya ndoo ya deki. Mkandarasi wake alilipwa yote siku ya uzinduzi. Bango la mradi bado lipo.

Chukua bei ya betri, igawe kwa miaka ya dhamana, na kiasi hicho kiingie kila mwaka kwenye matumizi ya kawaida ya kituo, kwenye akaunti isiyoguswa kwa jambo lingine. Afisa wa fedha atakwambia pesa zinazolala zinaliwa. Mwambie ndiyo, na ndiyo sababu kifungu kinaandikwa ndani ya sheria ya kaunti, kisibaki kwenye barua ya mkurugenzi.

Katika zabuni usiulize bei ya betri. Uliza betri itatoa uniti ngapi kwa jumla ndani ya dhamana, na itabaki na asilimia ngapi mwaka wa kumi, kwa joto la nyuzi 35, maana dhamana nyingi zimeandikwa kwa chumba cha baridi. Dai fundi aliye umbali wa saa 48. Bakiza asilimia kumi ya malipo kwa mwaka mzima. Na jambo ambalo hakuna anayeliandika mpaka limempata: neno la siri la inverta likabidhiwe kwa kituo siku ya makabidhiano, kwenye bahasha, na lijaribiwe pale pale. Nimeona mfumo mzima unasimama kwa sababu aliyeujua mlango wake alibadilisha namba ya simu.

Kaunti isiyo na mtaji yaweza kukodi: mwekezaji anamiliki vifaa, kaunti inalipa kwa kila usiku uliowaka. Sheria ya ubia wa umma na watu binafsi ya 2021 inaruhusu. Usiku usiowaka usilipwe.

Hatua ya 8: Zungumza na wenye gridi

Kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu mteja mwenye mfumo usiozidi megawati moja kusukuma umeme wa ziada kwenye gridi, na kwa kila uniti mbili anazotoa anahesabiwa moja. Hesabu mwenyewe. Uniti uliyoisukuma inarudi nusu. Uniti uliyoiweka kwenye betri yako inarudi karibu asilimia 85 au 90. Kwa jengo la kaunti linalotumia umeme jioni, kanuni yenyewe inakusukuma kwenye akiba, mradi bei ya betri isizidi faida hiyo.

Umeme wa magari na pikipiki ulipewa bei yake mwaka 2023, na saa za usiku ni nusu ya bei ya mchana. Viwanda navyo vina punguzo la usiku tangu Desemba 2017. Kaunti iombe, kwa maandishi, utaratibu kama huo kwa pampu za maji na betri za hospitali, ili mvuke ule wa Olkaria upate pa kwenda.

Miji yenye milima ina njia ya zamani zaidi. Cape Town ina mtambo wa Steenbras wa megawati 180, uliofunguliwa 1979. Maji yanapandishwa kwenye bwawa la juu umeme ukiwa mwingi, yanateremshwa jioni. Wakati Afrika Kusini ilipokuwa ikigawiwa giza kwa zamu, wateja wa jiji mara nyingi walipunguziwa daraja moja au mbili za makato kwa sababu ya maji hayo. Mji ulijijengea kabla ya shida, na shida ilipokuja ulikuwa na la kufanya.

Kaunti pia ina ardhi. Kiwanja karibu na kituo cha kupozea umeme, kilichopimwa, chenye hati safi na barabara, ni mchango mkubwa kuliko hotuba kumi. Kitengeni sasa kabla hakijagawanywa viwanja vya kuuza.

Hatua ya 9: Ifuate kalenda ya pesa

Sera isiyoingia kwenye kalenda ya bajeti hubaki karatasi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika kwenye bunge la kaunti ifikapo Septemba 1, kwa hiyo hesabu za Hatua ya 2 ziwe tayari Julai. Waraka wa mkakati wa fedha ni Februari 28: hapo ndipo ile akaunti ya betri inapopigania nafasi. Makadirio ni Aprili 30, na bajeti inapitishwa kabla ya Juni 30. Ada za kibali zinabadilishwa kwenye sheria ya fedha ya kaunti, usizisahau huko.

Kikao cha maoni kifanyike kituoni, saa moja jioni, na muuguzi awe msemaji wa kwanza. Rasimu iwe ya Kiswahili, na itolewe wiki mbili kabla.

Mfumo wa kwanza ukishafungwa, fanya jaribio hili kabla ya kukata utepe. Chagua Jumanne ya kawaida. Saa moja jioni, msimamizi wa kituo, mwakilishi wadi na mkandarasi wasimame mbele ya swichi kuu, na msimamizi aizime kwa mkono wake. Washeni mashine zote mbili za oksijeni, na mitungi ya dharura iwe karibu. Kaeni hapo. Andikeni asilimia ya betri kila saa mpaka saa moja asubuhi, kisha wote watatu watie sahihi kwenye karatasi ile, na ibandikwe mlangoni mwa chumba cha kujifungulia.